Chombo Chenye Hakiandikwe mu Kitabu cha Depo

Ndugu na mama wanamemba, fungueni kitabu cha vyombo cha koperative yenu. Mutakuta mule pompi za kupulizia, mizani, bashi za kuanikia, magunia, mabidoni, na majembe machache yenye yalibaki nyuma ya muradi fulani. Kila kintu kiko na namba yake na hali yake: kipya, cha zamani, kimeharibika. Kuko mutu mwenye anachunga ufunguo. Pompi moja ikipotea, mukutano unaitwa na watu wanasemezana mpaka jua linashuka. Lakini chombo chenye kinashika ile pompi, na ile jembe, na ile gunia, hakiko mu kitabu. Ni mikono na miguu yetu. Na zaidi ni ngozi yake, juu mifupa haigusi udongo; ngozi njo inagusa.

Sisi tunaona koperative inapaswa kuchunga ngozi ile sawa vile inachunga pompi. Tunajua kuko wenye watacheka: mukulima anaanza lini kuangalia ngozi ya mikono, yeye ni bibi harusi? Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Tuanze na kujua kintu chenyewe. Ngozi ya kiganja na ya wayo haifanane na ngozi ingine ya mwili. Angalieni mikono yenu sasa hivi. Nyuma ya mukono kuko vinyweleo. Mu kiganja hakuna hata kimoja. Rangi ya kiganja na ya wayo ni nyeupe kidogo kuliko mahali pengine. Na unene wake ni tofauti sana: ngozi ya juu kabisa, kwenye kope ya jicho, iko karibu milimeta 0,05, kwenye kiganja na kwenye wayo inaweza kufikia milimeta 1,5. Njo maana unaweza kukanyaga changarawe, lakini kijiti kidogo kikikugusa kope unaruka.

Kintu kingine chenye watu wengi hawajue: viganja na nyayo hazina vile vifuko vidogo vya mafuta vyenye viko mu ngozi ya mahali pengine. Uso unajipaka mafuta yenyewe, kichwa pia. Kiganja na wayo, hapana. Viko na jasho mingi sana, lakini mafuta hakuna. Basi mu kiangazi, wakati vumbi inakausha kila kintu, kisigino kinakauka ya kwanza na kinapasuka. Ile magaga yenye inatuuma usiku haitoke ku uchafu, sawa vile wengine wanazania kwa kuchekea mama wa shamba. Inatoka ku ngozi nene yenye haina mafuta yake na yenye inabeba uzito wote wa mutu, na wa mutumba wake juu.

Ile jasho nayo iko na kazi. Wazee wanatemea mate mu viganja mbele ya kushika jembe, na vijana wanawacheka. Wazee wako na haki. Kiganja chenye unyevu kidogo kinashika muti kuliko kiganja kikavu. Mwili unajua siri ile, njo maana viganja vinatoka jasho hata wakati wa hofu, bila jua: mwili unajitayarisha kushika kintu.

Sugu je? Sugu si ugonjwa. Ni ngozi yenye imejibu kazi. Unaposugua mahali pamoja kila siku kwa nguvu ya kadiri, ngozi inajenga tabaka juu ya tabaka. Ukisugua kwa nguvu sana mu siku moja, haipate wakati wa kujenga. Tabaka ya juu inaachana na ya chini, maji inaingia katikati, na unapata malengelenge. Mwaka 2019, wachunguzi walipima miguu ya watu wa Kenya wenye wanatembea bila viatu na ya wenye wanavaa. Waliona kama sugu ya wayo ni nene zaidi kwa wenye hawavae, lakini haiwapunguzie kusikia: wayo wao bado unasikia udongo muzuri. Sugu ya shamba inalinda na inaacha mutu asikie. Kiatu chenye soli nene hakiwezi kufanya ile mbili pamoja.

Lakini sugu haikae milele. Ngozi ya juu inajibadilisha kila wakati. Ya zamani inatoka sawa vumbi, mupya inapanda kutoka chini, na mu mwezi moja hivi ao zaidi kidogo unabeba ngozi ingine. Ukiacha kazi, sugu inayeyuka. Wale kati yetu wenye walikimbia vita na wakakaa mu kambi miezi na miezi wanajua maneno haya bila kusoma. Unarudia ku shamba na moyo unawaka, unataka kufyeka mu wiki moja majani ya mwaka muzima, na siku ya pili viganja viko wazi sawa nyama. Si kwamba umekuwa muvivu ao umesahau kulima. Ngozi ya mukulima ilibaki njiani, na inahitaji wiki tatu ao ine kusudi irudi. Kamati zenye ziko na wanamemba wenye wametoka kurudi, tunawaomba: musiwahesabie mistari sawasawa na wengine mu wiki za kwanza. Waanze na saa mbili asubui, wapumuzike, waendelee kesho. Tumeona koperative zenye zinawakata watu wale mafranka juu hawakumaliza mustari. Ile ni ukali bila akili: kidonda cha siku ya pili kinaondoa mufanyakazi ku shamba kwa siku kumi.

Hapa tunafika ku glavu, na hapa tunaachana kidogo na ndugu zetu wa miradi wenye wanapenda kugawa glavu kwa kila kazi. Kwa kushika jembe, sisi hatuone faida. Kiganja chenye sugu, na jembe lenye muti muzuri, vinatosha. Kazi ni kuangalia muti wenyewe. Muti wenye ni munene kuliko kiganja, ao wenye uko na vifundo na mipasuko, njo unatoboa watu. Kipande cha chupa kinatosha kuukwangua mpaka uwe laini, na mafuta kidogo ya mawese yanauzuia kupasuka. Kazi ile inakamata nusu saa, na haiombe mufazili yeyote.

Kwa dawa za kupulizia, tunabadilisha sauti kabisa. Pale glavu si mapambo.

Watu wengi wanawaza ngozi nene ya kiganja inazuia sumu. Sugu inazuia muiba, kwa nini isizuie maji ya dawa? Sivyo. Mu mwaka 1971, kule Marekani, wachunguzi walipaka dawa moja ya wadudu yenye inaitwa parathion mu sehemu mbalimbali za mwili wa watu wenye walikubali, kisha wakapima ngapi iliingia mu mwili. Ku mukono, chini ya kiwiko, iliingia karibu 9 ku 100. Ku kiganja, na unene wake wote, iliingia karibu 12 ku 100. Ku wayo, karibu 14 ku 100. Nyuma ya mukono, zaidi ya 20 ku 100. Na ku ngozi ya sehemu za siri za mwanaume iliingia karibu yote. Tusome vizuri ile mustari ya mwisho, sisi wanaume. Unapulizia tomati asubui, unasikia haja ndogo, unaweka pompi chini, unaenda nyuma ya mugomba na mikono ile ile. Halafu jioni unasema ni malaria, juu kichwa inauma na mwili hauna nguvu. Basi mikono inaoshwa *mbele* ya kwenda ku haja, si nyuma tu.

Mu Kivu yetu, dawa yenye tunaona zaidi ku viazi na ku tomati ni mankozebu, ile ya unga ya rangi ya manjano yenye wengi wanaita Dithane hata kama imeandikwa jina lingine. Watu wanaichanganya ndani ya ndoo na mukono mutupu mpaka kiwiko, sawa vile mama anachanganya unga wa bugali. Kwa wengine hakuna kintu kinaonekana mwaka wa kwanza, wala wa pili. Kisha siku moja ngozi inakataa: inawasha, inakuwa nyekundu, inavimba, inatoka maji, inapasuka. Na ikishakataa mara moja, haisahau. Hata unga kidogo wenye unabaki ku majani ya tomati unatosha kuamsha ugonjwa tena. Tunajua wakulima wenye waliacha tomati kabisa kwa sababu ile, na watu wakasema walilogwa. Kijiti cha kuchanganyia hakiombe franka hata moja.

Na glavu, munauza ao munanunua gani? Glavu za kitambaa, kwa dawa, ni mbaya kuliko mikono mitupu. Kitambaa kinakunywa dawa na kinakaa nayo ku ngozi siku nzima. Zile nyembamba za kituo cha afya zinapasuka mu dakika chache. Tunahitaji glavu za mupira munene, zenye zinapanda juu ya kifundo cha mukono. Unaosha glavu kwa inje wakati bado umezivaa, na sabuni, kisha njo unazivua. Ukizivua zikiwa na dawa, unashika inje kwa mukono mutupu na kazi yote imekuwa bure. Glavu yenye kimetoboka kidole kimoja inatupwa, haishonwe. Na maji ya kunawa iko pale pale ku shamba, bidoni moja na kipande cha sabuni. Isiwe maji ya kule nyumbani, saa mbili ya njia.

Tuje ku maji, juu maji pia inakula ngozi, na hapa ni mama zetu njo wanaumia zaidi. Kuloweka muhogo, kuutoa, kuumenya, kuufinya, kuosha kahawa, kufua, kuosha vyombo, kila kintu ni mikono mu maji. Mumeona vile vidole vinakunjamana kiisha muda kidogo mu maji. Watu wengi wanazania ngozi imevimba maji. Kumbe ni neva njo zinatoa amri: mishipa midogo ya damu inajikaza na ngozi ya juu inajikunja. Tangu miaka ya 1930 waganga waliandika kama kidole chenye neva yake imekatwa hakikunjamane mu maji. Na mwaka 2013, kule Uingereza, ilipimwa kama vidole vyenye vimekunjamana vinashika vintu vya maji mbio kuliko vidole laini. Basi mikunjo ile ni musaada. Lakini inasaidia kwa saa moja, si kwa kutwa.

Mwenye anakaa mu maji siku kwa siku, ngozi katikati ya vidole inakuwa nyeupe na laini, inapasuka, vijidudu vinaingia. Pembeni ya kucha inavimba, inakuwa nyekundu, inatoka usaha. Sabuni ya kupikwa mu kijiji, soda ikizidi, inaongeza shida juu ya shida. Mwenye kupika sabuni ile anapaswa kuiacha ikae wiki kadhaa mbele ya kuuza. Kazi ya kufanya si ngumu: kukausha mikono vizuri, zaidi katikati ya vidole, kwa kitambaa kikavu, si ku kikwembe chenye kimeshalowana, na kupaka mafuta wakati ngozi ingali na unyevu kidogo. Vaselini ni muzuri. Mafuta ya kokwa za ngazi pia yanasaidia. Mafuta hayaingize maji mu ngozi. Yanafunga mulango kusudi maji yenye iko ndani isitoke. Njo maana ukipaka ku kisigino chenye kimekauka kabisa hauone faida. Loweka miguu mu maji ya vuguvugu robo saa, sugua polepole na jiwe la volkano lenye matundu matundu (mwenye anakaa karibu na Goma hana kazi ya kulitafuta), panguza, paka mafuta, lala na soksi ukiwa nazo. Usikate magaga na wembe. Kisu na wembe vinafungua mulango wenye hautafungwa vizuri.

Mulango wa nini? Wa tetanosi kwanza. Kijidudu chake kinakaa mu udongo na mu mavi ya wanyama, kinaweza kungoja mule miaka. Kinaingia mu kidonda chenye hata hakikutoka damu mingi: muiba, musumari, magaga yenye imepasuka. Mama mujamzito anadungwa shindano, mutoto anadungwa. Sisi wanaume wakubwa, nani anatuita? Tulidungwa wakati tulikuwa watoto, kama tulidungwa. Hapa tunaona koperative iko na neno la kusema: mwenyekiti aende ku kituo cha afya, aulize kama wanamemba wanaweza kuja siku moja pamoja, na bei ni ngapi. Kazi ile haiombe muradi wa miaka mitatu.

Kisha safura. Watu wanajisaidia pembeni ya shamba, vifaranga vya munyoo vinazaliwa mu udongo wenye maji na kivuli, na vinaingia kupitia ngozi ya muguu, mara nyingi katikati ya vidole. Unasikia kuwashwa kidogo tu. Kiisha wiki kadhaa viko mu tumbo na vinakunywa damu. Kichocho nacho, wengine wanaita bilarziozi, kinapita mu ngozi kwa dakika chache pale penye konokono wa maji wako, sawa mu vijiji vya pembeni ya Ziwa Albert. Ngozi nene ya wayo haikizuie, juu muguu haukuumbwa na wayo peke yake: kuko pembeni, kuko kifundo, kuko katikati ya vidole, na mule ngozi ni nyembamba sana.

Funza wanajulikana kwa kila mutu, lakini wachache wanajua kama ni wageni. Walitoka Amerika ya Kusini. Mu mwaka 1872 meli moja kutoka Brazil iliwashusha ku Ambriz, kule Angola, pamoja na muchanga wake, na mbele ya karne kwisha walikuwa wamepita bara yote mpaka bahari ya mashariki, mu miguu ya wapagazi na waaskari. Basi funza si laana ya ukoo fulani, na nyumba yenye iko nao si nyumba ya wachawi. Ni nyumba ya vumbi. Kunyunyiza maji chini na kufagia, kutenga nguruwe na mahali pa kulala, kufunika miguu ya watoto, njo vita yake. Kitu chenye tunakataa kabisa ni pini moja ya kuzungusha mu nyumba sita: pini ile inapeleka ugonjwa wa damu ya huyu mu damu ya yule. Mu Kenya wamejaribu mafuta yenye inaitwa dimetikoni, yanapakwa juu na funza anakufa bila kutobolewa. Mukiyapata ku farmasi ya kweli, ni muzuri kuliko shindano.

Kuko pia kuvimba miguu kwenye watu wanaita matende. Si kila matende inatoka ku mbu. Mu miaka ya 1970, munganga Ernest Price, mwenye alikuwa anatumika Etiopia, alionyesha kama udongo mwekundu wenye ulitoka ku volkano uko na chembe ndogo sana zenye zinaingia kupitia ngozi ya muguu mutupu, na kwa wengine, kiisha miaka mingi, zinafunga njia za maji ya mwili. Miguu inavimba polepole, ngozi inakuwa ngumu na nene. Ugonjwa ule unaitwa podokoniozi. Uko Etiopia, uko Kameruni, uko Uganda na Rwanda, jirani zetu wa hapa tu. Na udongo wa volkano, ndugu zetu wa Rutshuru na wa Masisi wanao mpaka mulangoni. Hauambukize. Haumupate mutu mwenye anavaa viatu tangu utoto na anaosha miguu kila jioni na sabuni. Mwenye ameanza kuvimba akiosha, akipaka mafuta na akivaa, anaweza kuona miguu inapungua.

Na ukoma. Wengi wanawaza ulikwisha na wazungu wa misioni. Haukwishe: Kongo ingali inaandika wagonjwa wapya zaidi ya 1.000 kila mwaka. Doa lenye limepoteza rangi kidogo na lenye halisikie shindano. Kidole chenye kinashika sufuria ya moto bila kusikia. Jembe lenye linaanguka mu mukono bila sababu: yote ile inaenda ku kituo cha afya haraka. Dawa ni ya bure, ya miezi 6 ao 12, na mutu anapona bila kupoteza vidole kama amekuja mapema. Hapa njo tofauti na sugu inaonekana. Sugu inasikia. Ngozi yenye haisikie kitu si ya kazi, ni ya ugonjwa. Mwenye ugonjwa wa sukari naye achunge neno lile lile, aangalie nyayo zake kila jioni, ao mutoto amuangalilie.

Tuseme neno moja pembeni. Siku hizi vitu vingi vinaandikwa kwa mashini ya vidole. Na mashini ile inakataa vidole vya nani? Si vya karani. Ni vya mama mwenye amemenya muhogo miaka makumi tatu na ile mistari ya kidole imefutika. Tumeona watu wanarudishwa nyumbani na kuambiwa "kidole chako hakisome." Mwenye kuleta mashini alete pia njia ingine. Na mu siku mbili tatu za mbele ya kuandikwa, mukulima aepuke muhogo na mawe ikiwezekana, apake mafuta jioni. Asubui ya kuandikwa anawe na akaushe. Mara nyingi inasaidia.

Sasa franka. Tunajua vile mutasema: risturuni ya mwaka huu haikutosha hata magunia, na ninyi munaleta maneno ya glavu na vaselini. Tunajibu hivi. Chukueni wiki ya kupalilia maharagi. Palizi ikichelewa siku kumi, majani inakula maharagi, kila mutu anajua. Sasa mama mumoja kidole kinavimba pembeni ya kucha siku ya pili. Hashike jembe, hapike, hamenye. Mutahesabu hasara ile mu mustari gani wa kitabu? Hakuna mustari. Kwa sababu hakuna mustari, tunasema hakuna hasara. Na pompi yenye ni ya franka kidogo kuliko mavuno ya mama yule iko na ufunguo na mulinzi.

Kwa hiyo mu mukutano mukubwa wa mbele ya musimu A, tunaomba vitu vichache. Kila pompi ya koperative itoke mu depo pamoja na glavu zake, bidoni yake ya maji na sabuni yake, na mwenye kuirudisha arudishe vyote, ao arudishe hata pompi asipewe tena. Kazi ya kupulizia ipewe watu wachache wenye wamefundishwa, si mutoto mwenye hana masomo siku ile. Kwa hii tunajua kuko wazazi watakasirika, wakasirike. Zile AVEC za mama, zenye ziko na mufuko wa musaada, zifungue mulango kwa kidonda cha mukono na cha muguu mapema, siku ya tatu, si siku ya kukata kidole. Na RECO wa kijiji aitwe mara moja mbele ya kupanda, aangalie mikono na miguu ya wanamemba, nusu siku inatosha.

Tunabakiza neno la mabote, na ni neno lenye litaleta kelele mu nyumba fulani. Mu nyumba nyingi kuko jozi moja ya mabote. Mwenyewe ni baba. Baba anavaa mabote kwenda ku soko, ku mukutano, ku mazishi wakati wa mvua. Mwenye anaingia mu matope ya mpunga, mwenye anashuka ku kidimbwi cha muhogo, mwenye anapalilia mu udongo mwekundu, ni mama, na yeye iko na kambambili yenye kamba imekatika ao hana kitu. Hatuseme baba avuliwe. Tunasema, wakati koperative inaagiza mabote, orodha isiandikwe kwa jina la nyumba, iandikwe kwa jina la mutu mwenye kulima. Na isiagizwe tena namba 42 na 43 peke yake, sawa vile tunaona kila mara, juu mama mwenye muguu wa 37 akivaa 42 anaanguka, kisha anayaachia baba. Karani apite na karatasi, asimamishe kila mwanamemba juu yake, achore muguu na kalamu, aandike jina pembeni, na karatasi zile zote ziende ku muuzaji mbele ya franka kulipwa.